Mama, Kunguru wa Siku Hizi Sijui Nimfukuzeje

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Tangu tukuzike, marahaba yako ndiyo ninayoikosa kuliko vyote, na leo nimeikosa zaidi, maana nimechanganyikiwa na wa kumuuliza ulikuwa wewe tu.

Unakumbuka ulivyokuwa unaanika dagaa pale ufukweni Ujiji? Kwanza unaitazama milima ya Congo kama ina wingu. Ukisharidhika unawamwaga dagaa, unashika fimbo, na kuanzia hapo dunia nzima itasubiri. Siku moja mama mdogo alikuja mbio na umbea wa motomoto, kanga inamdondoka, ukamkatiza: "Chukua fimbo kwanza. Utaniambia huku unafukuza kunguru." Akaishika, amenuna huyo! Lakini alikaa mpaka jua likazama, na sikumbuki siku nyingine mliyocheka vile.

Jioni, kabla hujafunga gunia, ulikuwa unashukuru. Si kwa jumlajumla. Unamgeukia mtu, unamtazama, unataja alichofanya. Mimi uliniambia kwa Kiha chako, "Wakoze, mwanangu, leo macho yako yamenisaidia." Nilitaka uisifie mikono yangu, ndiyo iliyochubuka. Macho yamefanya kazi gani? Niliona umenipunja.

Sasa nina cherehani yangu huku mtaa wa Mwanga, karibu na soko. Wateja wapo, namshukuru Mungu. Tatizo ni simu. Nikianza tu kukata kitambaa, inaita. Mara picha ya mshono, mara mtu anauliza gauni lake limefikia wapi. Wiki iliyopita nikasema liwalo na liwe, nitafanya kama mama: nikaizima, nikaitumbukiza kwenye ndoo ya vipande, nikashona gauni moja mpaka mwisho. Lilitoka safi hilo, we acha tu! Kuja kuiwasha, mteja wa sare za harusi ameshampa kazi fundi mwingine. Sasa hapo ungefanyaje? Kunguru wako alikuwa mwizi, unamfukuza na roho yako kwatu. Wangu ananiibia, na ndiye huyohuyo anayenilisha. Sielewi, mama.

Hata kushukuru kwangu sikuelewi. Kila mteja namtumia vile vikono viwili vya kwenye simu, na wengi wao hata sura sizikumbuki.

Ila kilichonifanya niandike ni mjukuu wako, Neema. Jana nilitoka nje ya kibanda nikamkuta anamsimulia jirani yangu muuza maandazi habari za shule, mikono inaruka, anacheka mpaka machozi. Aliponiona akanyamaza.

"Endelea basi, na mimi nisikie."

"Basi tu, mama. We una kazi."

Angesema kwa hasira ningemgombeza yakaisha. Alisema kwa upole, kama mtu mzima aliyeshanizoea. Niliumia, mama. Mtoto ananitoka nami nimekaa palepale.

Leo, sijui ni akili au ni ujinga, nimefunga kibanda mchana kweupe, gauni la watu halijaisha, nikaenda nyumbani kukaa naye barazani. Sikumuuliza kitu. Akawa anachezea kandambili yake, ananitupia jicho, anangoja niinuke. Simu ikaita ndani, ikanyamaza, ikaita tena.

"Hupokei?"

"Sijui," nikamjibu. Ndiyo ukweli wenyewe, sikuwa najua.

Akasogea kidogo upande wangu. Nikafikiri sasa ataanza kusimulia. Wapi! Akarudia kandambili yake. Tulikaa hivyo mpaka adhana ya magharibi, mimi nawaza gauni, nawaza mteja, najirudisha, nawaza tena. Niliona nimepoteza siku nzima bure.

Alipoinuka kwenda ndani akasimama mlangoni, akaniuliza, "Na kesho utakaa?"

Nimemwambia ndiyo, mama. Hilo gauni sijui nitalishona saa ngapi.

Pumzika. Ukipata nafasi, nijie ndotoni unielekeze.

Binti yako,
Mama Neema