Kaburi Tulilolinawia Mikono

Bahi,
14 Julai

Dada yangu mpendwa Anyesi,

Shikamoo, dada. Mgongo unaendeleaje? Naomba Mungu barua hii ikukute unaweza kuinama na kuinuka bila kushika ukuta, na biashara ya mahindi huko Kibaigwa iwe inakulisha bila kukutoa roho. Anitha hajambo? Na mdogo wake, bado anasusa mlenda kama zamani? Sisi huku ni wazima. Mpunga tumepata kiasi, Mungu hakutunyima. Shemeji yako Methusela ametoka na ng'ombe, na hapa nilipo nimekaa peke yangu, mlango wazi.

Najua unashangaa. Unajiuliza, Evodia ana simu, barua ya nini? Dada, nimekupigia mara tatu mwezi huu. Mara ya kwanza tukaongea habari za mvua. Mara ya pili, mpunga. Mara ya tatu ukaniuliza lile unaloniuliza kila mwaka, kama nimesikia lolote kuhusu mumeo Gerson, maana Anitha amechumbiwa na wakwe wanataka kujua baba wa binti yuko hai au ni marehemu. Nikakwambia mtandao unasumbua, nikakata. Mtandao ulikuwa mzima. Kesho Hamza anapeleka mchele huko na lori lake, nami nitampa barua hii akukabidhi mkononi. Jibu la swali lako ninalo. Nivumilie tu nilifikie taratibu, kwa sababu nikianza nalo nitaichana karatasi.

Unakumbuka Oktoba iliyopita nilikutajia kwamba kuna mwanamume alikutwa amekufa ng'ambo ya mbuga, kwenye makaburi ya zamani. Sikukueleza zaidi. Wachunga ng'ombe ndio waliomwona, amelala ubavu kati ya makaburi mawili. Polisi walikuja, na mganga wa zahanati akasema hana jeraha lolote. Alikuwa mgonjwa wa siku nyingi, jua na kiu vikammalizia. Hakuwa na kitambulisho. Hakuna aliyemjua, na watu wakabaki kuulizana mgeni alitafuta nini kwenye makaburi yale ambako hata sisi hatwendi.

Basi ukazuka ubishi wa aibu. Sisi tukasema maiti ni ya kijiji cha ng'ambo, wao wakasema ni yetu. Mwishowe wenyeviti wawili wakachukua kamba ya kupimia mashamba wakapima, huku na huku, na sisi tukaonekana tuko karibu zaidi. Tukamzika pembeni ya kanisa. Msalaba wake uliandikwa neno moja tu, Mgeni. Wazee wote wa kanisa walikwenda kuzika isipokuwa mimi. Nilisema kichwa kinaniuma.

Tangu hapo, dada, mimi si mzima. Kila anayepita njia hii namwita anywe maji. Namkalisha, namlisha, halafu namsindikiza mpaka barabarani hata kama nimeacha chungu motoni. Methusela alilalamika wee mpaka akachoka. Majirani wananisifu, wananiita Mama Wageni, nami sithubutu kuitika. Kwa sababu adhuhuri, jua linapokuwa kali, namwona mwanamume amesimama pale kwenye ua wa miiba, kofia ameishika kifuani. Nikisogea hayupo. Nimeomba, nimefunga, na bado adhuhuri inafika kila siku.

Mwezi uliopita alikuja Mwalimu Nathanaeli kutoka chuo cha Biblia Dodoma kutufundisha sisi wazee wa kanisa kwa siku nne. Mtu mpole, ana sauti ndogo, lazima unyamaze ndipo umsikie. Alifundisha desturi za Wayahudi wa kale, akisema Yesu aliishi ndani yake na waliomsikiliza hawakuhitaji kuelezwa, ila sisi tunahitaji. Akatueleza karamu ya Pasaka, jinsi baba wa nyumba alivyouchukua mkate usiotiwa chachu na watoto wakauliza maana yake, tukaona Meza ya Bwana ilikotoka. Akatueleza kwamba mzee mwenye heshima zamani zile hakukimbia mbele za watu, basi yule baba aliyemkimbilia mwana mpotevu alikubali kuaibika kijiji kizima kikitazama. Mimi nimesoma Biblia tangu tuko wadogo kule kwetu Zuzu, kumbe nilikuwa kama mtu anayesikiliza simu ya mwenzake, anasikia upande mmoja tu. Nilifurahi, sikufichi. Siku mbili za kwanza hata yule wa uani sikumwona.

Siku ya tatu akafika kwenye Torati, mahali Musa anapoagiza kuhusu maiti inayokutwa porini na muuaji hajulikani. Wazee walitakiwa kupima kutoka kwenye maiti mpaka miji iliyo jirani. Aliposema hivyo darasa zima likaguna. Tulitazamana, maana kamba ile ile iko ofisini kwa mwenyekiti mpaka leo. Akaendelea kwamba wazee wa mji ulio karibu zaidi walileta mtamba ambaye hajafanya kazi, wakamvunja shingo kwenye bonde lenye maji, wakanawa mikono juu yake na kukiri kwamba si mikono yao iliyomwaga damu ile. Ndiyo maana, akasema, Pilato aliponawa mbele ya umati, Wayahudi walielewa kabisa alichokuwa anakifanya. Mrumi yule alishika desturi yao. Lakini maji yale yaliwekwa kwa ajili ya wasiojua, na Pilato alijua. Kwa hiyo maji yake hayakusafisha kitu.

Mzee Lameck, kiongozi wetu, akauliza swali. Akasema, hivi kweli mtu angedhani wazee wa mji ndio wauaji, mpaka waape? Mwalimu akatabasamu, akasema hata walimu wa Kiyahudi wa kale waliuliza hivyo hivyo. Wakajibu kwamba kiapo kile kilikuwa na maana hii: huyu mtu hakuja kwetu tukamwacha aende bila chakula, wala hatukumwona tukamwacha aende bila wa kumsindikiza. Kwao, kumnyima mgeni maji na kutomsindikiza kulihesabiwa pamoja na damu.

Dada, nilikuwa nimekaa benchi la mbele. Nilisikia baridi, na ilikuwa saa sita mchana.

Mzee Lameck akasema na sisi tunaye mgeni wetu pale nje, tulimzika kwa ubishi, hatujamwombea inavyopasa. Wakakubaliana tutoke wote. Mtamba hatutachinja, maana damu ya Kristo inatosha, lakini tutanawa na kukiri. Mimi ndiye mdogo kuliko wote, nikapewa jagi. Nikamimina kwa Mzee Lameck, nikamimina kwa wote kumi na mmoja, kila mmoja akasema yale maneno juu ya kaburi. Halafu Mzee Lameck akalichukua jagi ili aninawishe mimi. Ningeweza kusema pale pale. Nilinyosha mikono. Nikasema, si mikono yangu, na macho yangu hayakuona. Sauti yangu ilitoka safi kabisa.

Sasa nimefika, Anyesi.

Aliyelala pale ni Gerson.

Alikuja kwangu Oktoba ile, mchana, Methusela hayupo. Watu wa Zuzu walimwelekeza kwangu kwa kuwa hawakujua wewe umehamia wapi. Alikuwa amekonda, macho ya njano, lakini nilimjua kabla hajafungua kinywa. Alisimama kwenye ua, akavua kofia. Akanisalimia, akaomba maji. Akasema anaumwa, miaka kumi na miwili ya machimboni imemwishia bila kitu, hataki chochote ila akuombe msamaha na awaone watoto. Akaniomba nimwoneshe ulipo.

Unanijua mdomo wangu. Nilikukumbuka wewe umemshika Anitha mkono na mwingine mgongoni, unaomba kuazimwa debe la uwele. Nikapandwa na hasira, nikamwambia, "Anyesi amekufa."

Hakulia. Akauliza, "Alikufa kwa nini?"

Nikasema, "Kwa kukungoja wewe."

Akaniomba nimpeleke kwenye kaburi lako. Sikuinuka hata kwenye kigoda. Nikamnyoshea kidole ng'ambo ya mbuga, kwenye makaburi ya zamani, nikamwambia atafute mwenyewe. Akashukuru. Dada, aliniambia asante, akaenda na jua lile, na maji sikumpa. Nilijiambia nitamwacha ateseke siku moja, kesho nitamfuata nimwambie ukweli. Kesho yake nikasema kesho. Siku ya tatu wachunga ng'ombe wakaja mbio.

Hapa kijijini hakuna aliyemjua Gerson, hata Methusela aliponioa Gerson alikwisha kuondoka, kwa hiyo siri ilikuwa yangu peke yangu. Ilinila. Uliponipigia simu na kuniambia bado unamtaja katika maombi, kwamba ulikwisha kumsamehe zamani na unachotaka ni ajue tu, niliona nimemuua mara mbili na wewe nimekuzika ukiwa hai.

Jumapili hii, baada ya ibada, nitasimama mbele ya wazee na kusema kwamba nilinawa nikijua. Watanivua uzee wa kanisa, na wavue. Polisi wakinihitaji, nipo. Methusela nitamwambia leo jioni akirudi, kabla sijaifunga bahasha. Msamaha sikuombi kwa barua, maana utanipa upesi mno, nakujua. Ninachoomba ni uje useme jina lake litakavyoandikwa kwenye ule msalaba, kwa kuwa hilo si langu kuliandika. Kama hutaki kuniona, mwambie Hamza, nami siku hiyo nitakaa mbali na kanisa mpaka uondoke.

Wasalimie majirani zako na wote wanaoniulizia. Mdogo wake Anitha mbusu. Wakwe wakiuliza, wajibu kwamba baba wa binti ni marehemu, amezikwa Bahi. Lakini Anitha mwenyewe mwambie kwanza lile nililomnyima: baba yake alirudi.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Evodia