Wanamwaga Mafuta Kwenye Moshi

Mjomba,

Shikamoo. Marahaba yako nimeisamehe.

Jana tumesoma hitima ya arobaini yako, pilau ikaliwa, na mimi nikagombana na mwanao Hamza. Sijutii.

Baada ya dua Hamza aliwakusanya vijana barazani awaonyeshe ndege za kivita kwenye simu. Ndege ikapaa wima, mkiani ndimi za moto, wakashangilia. Hamza akaeleza kwa madaha: rubani akitaka kasi zaidi, mafuta humiminwa nyuma ya injini, kwenye ule moshi unaotoka, yawakie huko huko. Hapo dakika haiishi, pipa zima limekwisha. Na mafuta yenyewe, akasema, ni ndugu wa haya ya taa.

Mafuta ya taa, Mjomba! Kwenye moshi!

Wewe uliyetengeneza majiko ya utambi maisha yako yote, ukiona moto wa njano ulikuwa ukinifokea: "Weye mwana, punguza utambi, wayachoma bure hayo!" Wewe uliyenikamulisha tambara siku nilipomwaga kijiko kimoja mezani, nikakununia mpaka magharibi. Kumbe kuna watu wazima, wamesoma, wanamwaga mapipa kwa mapipa hewani wakienda kuua wenzao, au kwa mazoezi tu, na sisi tunapiga makofi.

Nikamwuliza Hamza mbele za watu: baba yako alikufa kwa kukosa lita ngapi?

Siku ile yeye alikuwa kazini Tanga mjini. Mimi nilikuwepo. Ngiri ilipokubana asubuhi, pikipiki hukuweza hata kuipanda. Gari la wagonjwa la kijiji lipo, dereva yupo, tangi kavu. "Tafuteni dizeli, hata lita kumi," akasema dereva. Nilikimbia kibandani kwetu nikarudi na dumu la mafuta ya taa, akanirudisha, eti yataua pampu. Vijana wa bodaboda wakanipa petroli, nayo haifai. Nilikaa chini na madumu yangu mawili nikalia kama mtoto. Mpaka mwenye mashine ya kusaga alipozima mashine yake akatunyonyea dizeli kwa mpira, jua lilikuwa utosini. Tulipofika Muheza daktari akasema utumbo umeshaoza. Mngewahi kidogo, akasema.

Kidogo! Nimelichukia neno hilo.

Hamza alinijibu kwamba ndege zile si zetu, nisichanganye mambo. Najua si zetu. Najua hata wakizizima zote leo, huku kwetu halitafika tone. Bado nina hasira, na sitaki mtu anipoze.

Msibani kila aliyenipa mkono alisema siku yako imefika, nami nikaitikia, kwa kuwa siku ni za Mola na mimi simbishii. Lakini dereva naye alisema hivyo hivyo. Mwenyekiti wa kijiji naye. Nikawaitikia na hao, na hapo ndipo nilipokosea. Juzi nimekwenda kulichungulia lile gari: limeoshwa, linang'aa, na tangi ni kavu vilevile.

Jumamosi kuna mkutano wa kijiji. Nakuahidi nitasimama nimtazame mwenyekiti usoni, na nitasema kwa sauti hii hii uliyokuwa ukiniambia niishushe: siku ya Mjomba ilifika, dizeli ndiyo haikufika.

Mungu akulaze pema, Mjomba. Mimi sitakaa chini mpaka wanijibu.

Mpwa wako,
Zuhura