Kwa Nini Gari Lilishindwa Kuja Jeddah

Al-Malqa,
Riyadh.
Jumatano, 6 Agosti 2025.

Mpendwa dada Damaris,

Nakusalimu kwa mikono miwili, jinsi mama alivyotufundisha. U hali gani? Mgongo uliokuwa ukikusumbua umepata nafuu, au madam wako bado anakuinamisha kusugua zulia kila asubuhi? Unakula vizuri? Mimi ni mzima wa mwili. Jua linawaka vilevile, na chumba changu cha pembeni mwa lango bado kinanuka rangi.

Barua hii utaipata mkononi mwa Absalom, yule jirani yetu wa Chavakali anayeendesha lori la fanicha na kukaa Bani Malik, hukohuko Jeddah. Nimeshika kalamu kwa sababu simu zangu hupokei. Wiki tatu sasa nakupigia, inalia mpaka inachoka yenyewe. Sikulaumu. Maneno yako ya mwisho yalikuwa, "Kwani Laban wewe ni maziwa, ukikosa baridi utaharibika? Sema tu hukutaka kuja." Nilicheka kidogo, kumbe ulikuwa umeshakata.

Dada, nilitaka kuja. Tangu mama azikwe mwezi wa tatu sijataka kitu kingine. Wewe ulipata picha tu, jioni, baada ya kuosha vyombo. Mimi nilimwona kwenye simu akishushwa kaburini, nikiwa nimeegesha nje ya shule nikiwasubiri watoto wa bosi, kiyoyozi kikivuma. Walipotoka nilifuta uso nikawauliza kama wamefunga mikanda. Hapa wanajua tu kwamba mama wa dereva alifariki. Hakuna hata mmoja anayejua alivyokuwa akicheka.

Sasa wacha nikueleze kiyoyozi cha gari, ili ujue lile la baridi halikuwa kisingizio. Nikimaliza nitakwambia pia mahali nilipokudanganya.

Watu hudhani kifaa kile hutengeneza baridi. Sivyo. Kazi yake ni kuchukua joto lililo ndani ya gari na kwenda kulitupa nje. Unakumbuka zahanatini, nesi akitupaka spiriti kabla ya sindano, mkono unakuwa baridi ghafla na wewe unaanza kulia sindano yenyewe haijaonekana, huku mama amekushika? Ile spiriti ilikuwa ikikauka, na ikikauka inaondoka na joto la ngozi. Ndani ya gari kuna gesi inayofanya kazi hiyohiyo. Nyuma ya dashibodi kuna vibomba. Gesi inaingia humo ikiwa majimaji, inachemka na kuwa mvuke, na katika kuchemka inafyonza joto. Feni inapuliza hewa juu ya vibomba hivyo, nayo ndiyo baridi inayompiga madam usoni.

Lakini gesi ikishabeba joto, sharti ikalitue mahali. Hapo kuna kompresa, inazungushwa na injini, inaibana gesi kwa nguvu. Kumbuka pampu ya baiskeli ya baba: ukijaza upepo kwa haraka inakuchoma kidole. Gesi nayo ikibanwa inakuwa moto kuliko hata hewa ya Riyadh ya mchana, na ndiyo sababu inaweza kuliacha joto lake nje. Inapelekwa mbele kabisa ya gari, kwenye kitu kama rejeta, chenye mapezi membamba ajabu. Upepo unapita katikati ya mapezi, joto linachukuliwa, gesi inakuwa majimaji tena, inapenyezwa kwenye kitundu chembamba, inapoa, na kazi inaanza upya. Mapezi yakiziba, hakuna baridi. Haya yote nimeyajua baada ya kuharibikiwa, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Na mkuu mwenyewe ni mlinzi wa nyumba ya pili, Japheth. Siku ile ya kuamkia safari ya kuwaleta bosi na familia yake Jeddah sikuweza kutulia. Nilipiga pasi shati mara mbili. Unajua desturi ya hapa, dereva lazima gari liwe baridi kabla madam hajafungua mlango, na njia ya kuja huko ni karibu kilomita elfu moja. Nikawaza vumbi likiziba pale mbele tutaumbuka. Nikaazima pampu ya maji ya Japheth, ile inayorusha maji kwa nguvu ya kubandua rangi. Akaniambia, "Simama mbali, bro, hiyo si ya kuchezea." Mimi nikaisogeza karibu kabisa nikapiga. Vumbi lilitoka, nikajisifu. Kumbe mapezi yote yalilala, kama nyasi alizolalia ng'ombe, na upepo ukakosa pa kupita.

Asubuhi walipanda wote: bosi, madam, watoto watatu na nyanya yao mwenye presha. Mwanzo palikuwa baridi. Kwenye taa za barabarani, hata Al-Malqa hatujaimaliza, hewa ikaanza kuja vuguvugu, halafu moto kabisa. Gesi ilikuwa inazunguka na mzigo wake bila pa kuutua, na kompresa ikawa inajizima yenyewe isije ikapasuka. Madam akasema, "Laban, esi ina nini? Mama anashindwa kupumua." Bosi akatazama saa. "Halas, rudi nyumbani. Yalla, tunapanda ndege." Jangwani, mwezi wa saba, na mgonjwa ndani, hata wewe ungegeuza gari. Adhuhuri ilipofika wao walikuwa Jeddah, mji mmoja na wewe, na mimi niko hapa nimeshika funguo.

Fundi Msudani alipofungua boneti alicheka. "Gesi tamam, iko sawa, sadiki. Nani ameosha hapa?" Nikamwambia sijui. Bosi nikamwambia ni vumbi na uzee wa gari. Wewe nikakwambia limeharibika, basi. Ukweli ni kwamba niliyeliharibu ni mimi, kwa hamu ya kukuona. Niliona aibu, dada.

Wiki mbili walizokuwa huko, nyumba nzima ilikuwa tupu. Mtu pekee aliyenisemesha ni muuzaji wa bakala, lile duka dogo la mtaani, akiniuliza kama nataka mfuko. Nilikuwa nikinunua kitu kimoja kimoja ili nirudi tena.

Kile kifurushi alichokuja nacho Beverly, yule mwenzetu wa Chavakali, kutoka nyumbani bado kipo juu ya kabati. Ni leso ya mama ya manjano, shangazi Priscilla ameifunga kwa fundo lake lile lisilofunguka hata kwa meno, na agizo ni kwamba tusifungue mpaka tuwe wawili. Usiku napapasa kwa nje nikibahatisha kilichomo. Absalom alitaka akuletee pamoja na barua hii. Nilikataa.

Jumapili nilimwendea bosi nikamwambia yote, pampu na mama kwa pamoja. Nilijua nitapelekwa uwanja wa ndege siku hiyohiyo, nirudishwe kwetu. Yeye akauliza, "Laban, una dada Jeddah? Miaka mitatu, na hujasema?" Ni kweli sikuwahi kusema. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Amenipa ruhusa ya Ijumaa na Jumamosi ya wiki ijayo.

Nisalimie sana Shirleen wa ghorofa ya juu, na mwambie pole na jino. Norman wa shangazi anakusalimu kutoka nyumbani. Anasema maua uliyoagiza yamepandwa kaburini kwa mama na yameshika. Mungu aliyemlaza mama salama akulinde na wewe, akupe usingizi na mgongo mpya.

Nakuja kwa basi. Ijumaa tarehe 15, alasiri, ukishuka kutupa takataka, nitakuwa kwenye pipa lile la kona ulilowahi kunieleza. Wakikupa dakika tano zinatosha. Tufungue fundo kwanza, kulia tutakujua mbele. Ila usitafute gari, dada. Tafuta mtu wa miguu, jasho linamtiririka, ana leso ya manjano kwapani.

Ni mimi nikupendaye daima,
mdogo wako,
Laban.