Kilimi Nilichomchagulia Sindano

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta umeamka vizuri, magoti yanakutii, na vidole vinakuruhusu angalau kushika kikombe cha chai bila kugombana nacho. Shemeji hajambo? Na yule mjukuu wako mtundu aliyeficha miwani yako ndani ya unga, ameshaota meno ya mbele? Mimi mwili haujambo. Nakula, natembea, napanda ngazi za shule bila kushika ukuta. Najua umenikasirikia kwa kutopokea simu zako miezi mitatu sasa, na mwanao ameniandikia kwamba unasema nimeanza maringo uzeeni. Sina maringo, dada. Sababu ipo na nitaifikia, ila niache nianzie mbali.

Bado nakwenda kule shuleni, siku tatu kwa wiki, kuwasaidia watoto wa bendi kujiandaa na matamasha. Tumepewa chumba kilichokuwa stoo ya viti, chenye dirisha moja na mlango unaofungwa kwa kusukumwa na kiuno. Watoto wananiita Bibi Vilimi, kwa sababu kazi yangu kubwa ni kuwachagulia wapiga klarineti vile vipande vyembamba vya tete vinavyofungwa kwenye mdomo wa chombo, ambavyo Baba alituzoesha kuviita vilimi. Nafanya vilevile alivyofanya yeye. Nakilowesha kilimi, nakiinua dirishani nione kama kivuli chake kiko sawa kulia na kushoto, nabonyeza ncha yake kwenye ukucha. Kikipita hapo, mtoto anakipiga dakika tano kwa siku, wiki nzima, na kila akimaliza tunakilaza juu ya kioo kisije kikapinda.

Mwisho inakuja ile sheria ya Baba, unaikumbuka. Kilimi cha tamasha hakichaguliwi na mpigaji, kwa kuwa mpigaji anasikia zaidi mifupa ya kichwa chake mwenyewe. Anachagua msikilizaji, akiwa upande wa pili wa chumba, mgongo amegeuza. Kinachoshinda kinaandikwa namba moja kwa penseli, na hakuna kubisha.

Mwaka huu nilikuwa na binti mmoja wa kidato cha mwisho, wenzake wanamwita Sindano kwa wembamba wake na kwa jinsi anavyokaa wima kitini. Dada, huyo mtoto alikuwa anapiga. Sitii chumvi. Alikuwa akianza kupiga, hata wale wa ngoma wasioambilika wanatulia. Mwalimu wa bendi alipata habari kwamba mkufunzi wa chuo cha muziki atakuja kwenye tamasha letu kuchagua mwanafunzi mmoja wa kumsomesha, na kwamba hupita shule yetu mara moja kwa miaka minne. Mwalimu akampa Sindano kipande cha kupiga peke yake, chenye kupanda juu kabisa mwishoni. Wote tulijua mkufunzi anakuja kwa ajili ya nani.

Wiki ya tamasha nikageuza mgongo, akanipigia vilimi vinne. Cha tatu nilikiona kitamu mno, laini, hakina hata mkwaruzo. Nikakiandika namba moja. Sindano akaniambia kwa adabu kwamba hicho kinapiga yowe akifika juu, akaomba atumie cha kwanza. Nikamwambia yowe analisikia kwa hofu yake tu. Akarudia kuomba siku iliyofuata, nikamkatalia na kumkumbusha nani amekuwa akishika klarineti tangu kabla mama yake hajazaliwa. Akakifunga.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama kwenye madirisha. Nilikaa mstari wa pili, nyuma ya mkufunzi. Sindano alipiga, na mimi nikasikia kipande kizuri kuliko vyote nilivyowahi kumfundisha mtu. Alipopanda juu, niliona watu wanacheka. Nikageuka kutazama kilichowachekesha, labda mtoto mdogo anafanya vituko nyuma yetu. Alipomaliza nilisimama nikapiga makofi kwa nguvu zangu zote. Nilikuwa nimesimama peke yangu, dada. Mkufunzi alikuwa ameshafunga daftari lake.

Mwalimu wa bendi alinivuta pembeni, akaniambia yale mayowe matatu yaliwatoboa watu masikio, akaniuliza tatizo lilikuwa kilimi au mtoto. Mayowe yenyewe sikuyasikia, hata moja. Uso ulinishuka. Ningeweza kumwambia hapohapo kwamba mtoto alinionya, na mkufunzi alikuwa bado yuko mlangoni anaaga. Badala yake nilijikaza nikamjibu kwamba kilimi nilikichagua mwenyewe na kilikuwa kizima, mtoto ndiye aliyepaniki. Sindano alikuwa hatua tatu nyuma yetu, anafuta klarineti yake. Alinisikia vizuri.

Baada ya hapo nilikwenda kwa daktari wa masikio. Akanivalisha vile visikilizio vikubwa, akanipa kitufe nibonyeze kila nikisikia mlio. Nilikaa muda mrefu nikidhani mashine haijawashwa. Ilikuwa inalia muda wote. Akanieleza kwamba sauti nene ninazipata, lakini zile nyembamba za juu zimekwisha, na hazirudi. Akaniuliza kama kuna mwingine katika familia aliyekuwa hivyo. Nilikuwa nimeshasema hapana nilipomkumbuka Baba, na lile birika lake lililopiga mluzi mpaka likakauka akiwa amekaa pembeni yake anasoma gazeti. Tulikuwa tunamcheka.

Nilikwenda nyumbani kwa Sindano kumweleza ukweli wote. Alinikaribisha, akaniletea kiti, akanisikiliza hadi mwisho, akanishukuru. Klarineti alikuwa ameshairudisha stoo ya shule. Alisema alijaribu siku moja na kile kilimi cha kwanza, ambacho ni kizima, lakini kila akikaribia kule juu analisikia lile yowe kabla hajapuliza, na midomo inajifunga. Nilimwambia litapita. Mwalimu amemwandikia mkufunzi barua mbili, majibu hayajaja, na mimi sidhani yatakuja.

Sasa nafika pale nilipokuwa napaogopa, dada. Ulikuwa na miaka kumi na saba, mimi kumi na mmoja. Baba alikuandikia kilimi namba moja, ukamwambia kinapiga yowe, mkabishana mpaka akaniita mimi niliyekuwa nakushikia karatasi za muziki, akaniuliza nimesikia nini. Nilisikia yowe. Lilikuwa wazi kama filimbi ya refa. Nilimwambia Baba sikusikia kitu, ni wewe unayepuliza vibaya. Nilijua ukiacha, klarineti itakuwa yangu. Ukapanda nacho jukwaani, watu wakacheka, na Baba akasema mbele ya wote kwamba una midomo mizembe. Kesho yake niliikuta klarineti juu ya kitanda changu. Umeishi miaka arobaini na sita ukiamini maneno yake, hata kwenye harusi ya mwanao ulikataa kuimba ukisema mdomo wako hauna kazi hiyo. Midomo yako haikuwa na kosa lolote. Baba alikuwa hasikii, na mimi niliyesikia nilidanganya.

Sikuombi msamaha, kwa kuwa sijui ungeutoa wapi. Klarineti nimeifunga vizuri, nitampa mwanao akipita. Ni yako. Najua vidole vyako haviwezi tena kuziba hata tundu moja, na najua hilo ndilo litakalokuuma zaidi ukiifungua. Shuleni nitamwambia mwalimu Jumatatu kwamba sirudi.

Nisalimie shemeji, na mjukuu, na jirani yako anayependa kuuliza kama nimeolewa. Usinipigie simu, nakuomba. Siku ile ya mwisho uliponipigia nilikuwa nakuitikia ndiyo, ndiyo, bila kujua unasema nini. Sauti yako daima ilikuwa nyembamba, dada, na imeangukia upande ule uliokwisha. Niandikie. Hata kama ni matusi, niandikie.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba