Anaumwa Kidogo, Njoo

Jumatatu, 3 Februari

Sketi za shule kumi na mbili. Zimebaki nne. Cherehani inakata uzi tangu asubuhi, nimebadilisha sindano mara mbili.

Saa nane Masanja kapiga simu kutoka Nyarugusu. Ni mchimbaji mwenzake Kulwa, wamepanga chumba kimoja. Kasema, "Dada Doto, Kulwa anaumwa kidogo. Njoo." Nikamwambia mpe simu. "Amelala."

Amelala. Nakijua Kiswahili hiki. Baba alipofariki niliambiwa ana homa, njoo. Nikafika nikakuta turubai limeshafungwa uani. Shangazi naye "aliteleza tu bafuni." Mtu mwenye safari haambiwi msiba kwenye simu. Anaambiwa mgonjwa, afike salama, akute mwenyewe. Na hakuna anayeitwa kutoka Dodoma mpaka Geita kwa ugonjwa kidogo.

Pacha wangu amekufa. Watu husema pacha huhisi. Nimehisi. Mkasi ulinidondoka kabla simu haijakatika.

Jumanne, 4 Februari

Naandika ndani ya treni.

Mama Neema, jirani yangu, alinishauri basi. Naondoka alfajiri, jioni nipo Kahama, Jumatano asubuhi nipo Nyarugusu. Nikamuuliza niwahi nini? Maiti haina haraka. Mama yuko kijijini, nje kidogo ya Shinyanga, na habari hii lazima aisikie kinywani mwangu, siyo kwa wapita njia. Treni inanishusha Shinyanga. Halafu kwenye treni sigombani na mtu kwa mizigo: masufuria mawili makubwa, mkeka, begi. Msiba unataka masufuria.

Ilitakiwa ije asubuhi. Imekuja saa nane mchana. Sikujali hata kidogo.

Itigi wameleta asali dirishani. Mkono ukanyooka wenyewe, kila nikipita hapa humchukulia Kulwa chupa moja. Nimelipa, nimeifunga kwenye kanga, ndipo nikakumbuka. Nimelia mbele ya behewa zima. Bibi wa kiti cha mbele kanipa nusu ya chungwa lake.

Jumatano, 5 Februari

Tabora tulisimama masaa matatu, wanakata mabehewa ya Kigoma. Masanja kapiga. "Dada, umefika wapi? Anakuulizia." Anadanganya vizuri kijana huyu, ana roho nzuri. Nikamwambia asante, niko njiani. Nikazima simu. Sikutaka kusikia tena habari za mgonjwa asiyekuwepo.

Shinyanga saa saba mchana. Bajaji, kisha mguu.

Mama alikuwa anaanika mpunga. Aliyaona masufuria kabla hajaniona mimi. Nikamsalimia, "Shikamoo mama." Akaketi chini, akavua kanga kichwani, akasema, "Yupi?" Nikasema Kulwa. Nimelisema kwa mdomo wangu mwenyewe. Alilia kwa sauti ambayo sikujua kuwa anayo.

Jioni turubai limefungwa. Wanawake wamejaa, moto umewashwa. Fundi seremala kaja kuuliza tarehe ya kuandika kwenye msalaba. Nikamwambia ya juzi, tarehe tatu. Nitalala hapa, kesho niende kuuchukua mwili wake, azikwe karibu na baba. Sikuona sababu ya kukimbia.

Alhamisi, 6 Februari

Mungu wangu.

Nimefika Kahama saa tano. Nikanunua shuka jeupe na soksi nyeupe za kumvalisha. Nikawasha simu nimwambie Masanja anipokee. Ikalia kabla sijabonyeza. Namba ya Masanja, sauti ya Kulwa.

"Doto. Mbona huji?"

Nyembamba, imekauka, lakini yake. Niliketi pale pale stendi juu ya gunia la mtu.

Masanja kachukua simu. Wakiwa shimoni, kwenye duara lao, jiwe lilimpiga tumboni Jumapili. Zahanati walisema apelekwe hospitali ya mkoa siku ile ile. Kulwa kagoma. Hatoki mpaka Doto afike, hataki kufia mikononi mwa wageni. Wamembembeleza siku nne. Nilimfokea Masanja, kwa nini hukuniambia? Akasema, "Nilikwambia anaumwa, dada. Ningesemaje?"

Nikasema nipe Kulwa.

Nikamwambia Kulwa kubali wakupeleke sasa hivi, nitakukuta huko huko. Kasema, "Fika kwanza." Kichwa kigumu tangu tumboni. Nilimtukana. Nikamwomba msamaha. Simu ikakatika.

Nikampigia mama. Mama, Kulwa yu hai, nimeongea naye. Akasema, "Ng'wanawane, mwanangu, usinifanye mtoto. Nimeshalia." Akampa simu mama mmoja wa kanisani, naye akaniambia pole, tunajua unamtuliza, Mungu akutie nguvu. Nilipiga kelele stendi nzima ikageuka. Wakadhani nimefiwa.

Basi la Kakola lisipojaa haliondoki. Nimekaa kiti cha nyuma ya dereva na kumhesabia abiria kwa sauti mpaka akaniambia mama nyamaza. Saa tisa tukatoka. Mvua. Kwenye mbuga ya udongo mweusi gurudumu likazama. Wanaume wakashuka kusukuma, na mimi nikashuka, nikasukuma. Kiatu kimoja kimebaki pale.

Giza limetukuta Kakola. Hakuna gari linaloendelea. Nimeuliza kila mwenye pikipiki, wote wanasema mto umejaa, kesho. Nimemwambia Kulwa niko Kakola. Kaniuliza gari la kwanza linaondoka saa ngapi. Nikamwambia kumi na mbili.

Ijumaa, 7 Februari

Gari dogo, tumekaa saba. Bukoli nikabadilisha. Saa nne nikashuka Nyarugusu, mguu mmoja peku.

Masanja alikuwa amesimama barabarani na wachimbaji wenzake, wamevua kofia. Leo hakuna aliyesema anaumwa.

Alikata roho saa kumi na moja alfajiri. Hata gari la Kakola lilikuwa halijawashwa.

Bado alikuwa na uvuguvugu kwapani. Nilitia mkono nikaupata. Wamenionyesha kikombe. Jumatano asubuhi alikunywa uji mpaka ukaisha, akacheka, akasema Doto akija nitajifanya sijamwona. Jumatano asubuhi. Basi la Mama Neema lingekuwa limenileta.

Najichukia.

Jumapili, 9 Februari

Tumemzika jana, karibu na baba. Watu wengi. Masufuria yalitosha.

Msalaba umeandikwa tarehe 3 Februari. Fundi aliuandika Alhamisi, Kulwa akiwa hai, akiniuliza habari za gari. Niliuona ukichomekwa, nikauacha. Cheti cha kifo, chenye tarehe saba, kimo kwenye begi langu, mama hajui kusoma.

Leo baada ya kanisa mama kaniita ndani. Alikuwa mtulivu. Kaniuliza, "Doto, siku ile ulinipigia kunidanganya kwamba mwenzio yu hai. Kwa nini?"

Masanja alikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Aliletwa na msiba, hajaondoka. Kanitazama, kisha akatazama maji.

Ningeweza kumwambia. Kwamba mtoto wake alikuwa hai wakati yeye anamlilia, alikuwa anamngoja mtu, na mtu huyo alikuwa amelala hapa hapa juu ya mkeka huu kwa sababu maiti haina haraka.

Nikasema, "Nilitaka usiumie, mama."

Akanipapasa mgongo. Akasema amenielewa, hata yeye angefanya hivyo.

Asali nimempa. Anakunywa na chai, kasema ni nzuri, ya Itigi hiyo. Mpunga umeanikwa tena uani. Kesho narudi Dodoma, nimeshakata tiketi ya basi.