Jibu kwa Balozi Halimo Boksini

Guildford, 14 Agosti 2016

Kaka Bisimwa,

Salamu kwako na kwa wote hapo kambini. Mimi ni mzima, ni baridi tu, maana huku kusini mwa dunia Agosti ndiyo kipupwe. Kazini, kwenye depo yetu ya nyaraka ya Smithfield, sasa tunapiga skani barua kuukuu za balozi mdogo wa Japani, za miaka mia na zaidi iliyopita. Nyingi ni za vita vyao na Warusi. Nyingine anawaombea watu wake waliohamia huku.

Jana nilisoma moja, nikairudia mara mbili. Mjapani mmoja, mpiga mbizi wa kutafuta lulu, alimleta huku mtoto wa marehemu kaka yake, akaandika ni wake. Maofisa wakagundua. Balozi anawasihi: kwetu mtoto wa kaka ni mtoto wako, huyu hakudanganya.

Kaka, kwenye fomu ya kumleta huku niliandika Yvette ni mwanangu. Dada yetu alipokufa ningemwandika nani? Mimi mama yake mdogo ndiye mama. Sasa watu wa uhamiaji wanataka vipimo vya damu, yangu na yake. Wanaweza kufuta hata karatasi zangu. Naogopa.

Nimepekua boksi zima kutafuta jibu alilopewa yule balozi. Halimo. Kuna orodha tu ya abiria wa meli iliyorudi Japani, na humo jina la yule mtoto, peke yake, bila ami yake.

Yvette usimwambie haya. Sweta lake jekundu nimeshalinunua. Mwambie asikue haraka.

Mdogo wako,
Chibalonza