Mdudu Mmoja, Majina Mawili

Mlali, Mfungo Nne

Kwako kaka Seleman, karani wa Mdachi,

Shikamoo nakupa kwa sababu mama amekaa hapa ananitazama ninavyoandika. Anauliza kama kifua chako kimepona. Mimi sikuulizi. Mgongo wangu ndio haujapona, na sababu unaijua.

Wabaadu. Mdachi wako, mkusanya wadudu, alisema wale wenye mikia mitatu wa kijito chetu ni aina mbili: mmoja ana mabawa mazito ya rangi ya majivu, mwingine mabawa maangavu. Akawapa majina mawili. Mimi niliyewafuga katika sufuria ya mama ndiye niliyemwona yule wa majivu akitoka majini, akaruka, akatua ukutani, akavua ngozi hata ya mabawa, akawa yule mwangavu. Kumbe mdudu ni mmoja! Nikakimbia kukuambia, kwa kuwa wewe ndiye unayejua Kidachi.

Ukamwambia Mdachi umeona wewe. Nilipolalamika ukasema mimi mwongo, nikapigwa viboko hamsa ishirini mbele ya wapagazi, nawe ukihesabu. Ndugu wa tumbo moja! Hata haya huna.

Halafu mwezi jana ukamtuma mama, mama yetu mzazi, aniombe yule mdudu wangu aliyefia katikati ya kuvua ngozi, nusu ndani nusu nje, ili Mdachi ampeleke Ulaya awe ushahidi na aitwe kwa jina lako. Mama alilia hapa, akasema nikusamehe. Nikampa.

Sasa sikiliza, maana sanduku limekwisha kuondoka pwani na hutalirudisha. Yule si mdudu mmoja. Nilichukua wawili waliokufa, nikaunga kichwa cha huyu na kiuno cha yule kwa gundi ya mgunga. Wataalamu wa huko wakimlowesha tu, ataachana mikononi mwao, na Mdachi atajua nani kamwaibisha. Safari hii mgongo ni wako.

Wa kweli nilikuwa naye, kaka. Mmoja tu, niliyemngoja misimu miwili. Nilimsaga kwa kidole gumba siku ileile ulipomtuma mama, kisha nikalia. Leo hata nikisema ukweli, nani atauamini?

Mama anakusalimu sana. Ameniomba nimsomee barua hii, nami nimemsomea mengine.

Ni mimi nduguyo,
Mgeni